Tangi la Samaki Ukweni

Jumapili, 3 Machi 2024

Daftari hili lilikusudiwa maji ya watu wengine. Lina safu za klorini, za tindikali na za saa ya kuosha chujio, kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea ninayoyahudumia kule Diani. Siku hizi vipimo twaandika kwenye simu, daftari limebaki jeupe, nami nimelileta nyumbani Msambweni niandike maji yangu mwenyewe. Miaka kumi na tisa nimesafisha maji nisiyooga. Sasa ninayo yangu: tangi la kioo, urefu futi nne, nimelijenga kwa mikono hii kwa vioo vya madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba moja ya kitajiri. Ndani mna samaki sita wa dhahabu. Sijawahi kumiliki kitu kizuri kama hiki na sioni haya kusema hivyo.

Tatizo ni kwamba sebule si yangu. Ni ya Bi Mwanasha, mama yake mke wangu Fauzia. Tulihamia kwake mwaka juzi, baba mkwe alipofariki, ili asikae peke yake. Mwanamume anayekaa ukweni hata chafya huipiga kwa adabu. Tena mama mkwe hanisemeshi moja kwa moja. Humwambia Fauzia, hata nikiwa nimekaa katikati yao. Leo kasema, "Fauzia, muulize mwenzio, hao samaki ni wa kuliwa?" Nikasema si wa kuliwa. "Basi muulize wana kazi gani."

Jumatano, 6 Machi

Joto. Samaki wa dhahabu ni wachafu kuliko watoto wa chekechea, kwa hiyo nimewawekea tangi la pili chini ya meza, lenye sponji na kokoto. Maji ya juu hushuka huko yakasafishwe, pampu ikayarudisha. Hushukia kwenye paipu iliyopinda, inayopita juu ya ukingo wa kioo, mfano wa ule mpira wa kutolea dizeli kwenye pipa: ukivuta hewa kwa mdomo mara moja, maji yanafuata yenyewe. Nilivuta mara moja tu na mpaka leo yanashuka. Mimi ni fundi, bwana.

Jumamosi, 9 Machi

Stima ilikatika saa nane mchana, ikarudi saa tisa, na sebule ikageuka bwawa.

Nimeelewa kilichotokea. Stima ilipokatika pampu ilisimama, hewa ikaingia kwenye ile paipu, maji yakaacha kushuka. Stima iliporudi pampu ikaendelea kusukuma maji juu kama kawaida yake, na huko juu hakuna pa kutokea. Yakapanda, yakavuka ukingo, yakatembea mpaka chini ya kochi. Nimepiga deki peke yangu, mama mkwe akinitazama huku kainua miguu.

"Fauzia," akasema, "mwambie mwenzio hii ni sebule, si forodhani."

Kisha akasema neno lililonichoma. Shemeji yangu Abdulrahim, mwanawe mkubwa aliyeko Mombasa, atamletea siku ya Idd kabati la vyombo, na anataka likae ukuta huohuo. "Mwambie, kama mpaka Idd maji hayajajua adabu, kabati litaingia na samaki watatoka. Sitaki wageni waje kunipa mkono wa Idd wamekunja suruali."

Nimepewa mwezi mmoja. Nikavuta hewa kwa mdomo, maji yakashuka, nikajiona nimemaliza.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Alasiri stima imekatika na kurudi. Nikakimbilia tangi, nikashika mpira mwembamba wa kuvutia hewa uliochomekwa kwenye paipu, nikauweka mdomoni, na hapo ndipo nilipokumbuka nina swaumu.

Mtu gani na akili zake hujenga, mwezi wa Shaabani, chombo kinachoendeshwa kwa mdomo? Nimesimama pale kama nguzo. Kusukutua kwa udhu kunaruhusiwa, lakini huku ni kuvuta hasa, na maji yakija huja kwa kishindo mpaka kooni. Nimeyanywa mara tatu nikivuta maji ya mabwawa kule Diani, najua ladha yake.

Nikachomoa pampu, nikatoka barazani nikamwita jirani yetu Ziro, fundi wa baiskeli, ambaye ni Mkristo. Akaja na mikono ya grisi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaani kaka Alfani, mwaniita nije ninyonye samaki?"

"Nyonya hewa, Ziro. Samaki waache."

Akavuta. Maji yakashuka. Akatema uani, akasema ladha ni ya mtama uliooza.

Alhamisi, 14 Machi

Ziro mara mbili.

Jumapili, 17 Machi

Nimejaribu bomba la sindano la kudungia kuku. Linavuta hewa ya kijiko kimoja. Nimevuta mara arubaini, alasiri ikanikuta bado navuta. Ziro akaitwa.

Jumatano, 20 Machi

Jambo la kutia moyo. Stima inakatika karibu kila siku, lakini siku ninazokuwa kazini Diani hakuna hata tone sakafuni. Nikirudi jioni nakuta pampu inaunguruma na maji yanashuka. Basi paipu yangu si mbovu hivyo, labda imezoea. Nimemwambia Fauzia kwa sauti ya kutosha kusikika chumba cha pili kwamba ufundi hauna haraka.

Chumba cha pili mtu akakohoa.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza ya masika, nzito, ya mchana. Stima mara nne. Ziro alikuja mara nne na ya nne alikuja na mwavuli. Ameniambia Ijumaa anakwenda kwao Kinango kwa Pasaka, atarudi Jumatatu.

"Mtanyonyewa na nani?" akauliza.

Nikamwambia Mungu ni mkubwa. Akasema hilo halina ubishi, lakini Mungu hanyonyi mpira.

Ijumaa, 29 Machi

Naandika nikiwa na ghadhabu, na ghadhabu yenyewe ni juu yangu.

Nimetoka sala ya Ijumaa, mvua imenipiga njia nzima. Nimefika stima haipo. Nimevua kanzu, nimekaa. Fauzia alikuwa jikoni, mama mkwe anasoma Kurani kwenye kochi lake. Saa nane na nusu stima ikarudi, pampu ikanguruma, na mlango wa Ziro una kufuli.

Nikauchukua mpira. Nikauweka mdomoni. Maji ya juu yakaanza kupanda. Yalikuwa vidole vitatu chini ya ukingo, yakawa viwili. Mama mkwe akafunga msahafu, akanitazama. Alikuwa anangoja aone mimi ni mtu wa namna gani: wa kufungua swaumu kwa ajili ya samaki, au wa kuilowesha nyumba yake. Nami nikasimama na mpira mdomoni, sivuti wala siutoi, na wala haikunijia kwamba ningeweza kuinama tu nikachomoa waya. Mtu mzima wa miaka arubaini na nne. Maji yakavuka.

Yalipofika miguuni kwake ndipo nikachomoa.

"Fauzia," akaita, naye Fauzia akaja na mikono ya unga. "Mpigie simu kaka yako. Mwambie kabati aje nalo, nafasi ipo."

Nimepiga deki. Nimebakiwa na siku kumi na mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Kazini leo nimefanya jambo ambalo sijalifanya miaka kumi na tisa. Nimekaa ukingoni mwa bwawa nikalitazama. Ni lile bwawa la Diani ambalo maji yake hujaa mpaka pomoni, yakamwagikia kwenye mfereji wa pembeni, na kutoka mfereji yakaenda kwenye chujio. Stima ikikatika, maji yanatulia. Ikirudi, yanajaa, yanamwagika mahali palepale. Hakuna anayevuta chochote kwa mdomo. Maji yanashuka kwa sababu kuna pa kushukia.

Nimejisikia mjinga na nimefurahi sana, vyote pamoja. Mimi ndiye ninayeusugua mfereji ule kila Jumatatu.

Kwa hiyo: nitoboe matundu kwenye kioo cha nyuma, karibu na ukingo. Nje ya kioo nigandishe kisanduku kidogo, kiwe mfereji wangu. Maji yakifika kwenye matundu yanaingia kisandukuni, na kutoka kisandukuni paipu inayashusha tangi la chini. Hakuna hewa ya kuvuta wala swaumu ya kuvunja. Nimechora kurasa sita. Fauzia amezitazama, akasema kisanduku kinafanana na mfuko wa shati, lakini mgongoni.

Jumatatu, 1 Aprili

Ukunda, kwa Cynthia muuza vioo. Ni mtu wa bara, mkali, anajua kazi. Nimemwambia nataka kutoboa tangi.

"Glasi ni tempered ama ni plain?" akauliza. "Sababu tempered ukiiguza na drili, inakuwa chumvi. Yote. Na hao samaki wako watakuwa kwa carpet."

Sikujua. Vioo vya nyumba za kitajiri huwa vya kila aina, na vile vilivyokomazwa kwa moto ndivyo hivyo asemavyo: havitobolewi, hupasuka vyote kwa mpigo. Akanipa miwani yake ya jua, ile ya kupunguza mng'aro. "Vaa hii, angalia glasi mchana kukiwa na mwanga wa nje. Ukiona madoadoa meusi kama ya chui, achana nayo."

Nimerudi na miwani, keekee ya almasi, yaani ncha ya drili ya kutobolea kioo, vipande vya kioo vya kisanduku na kibomba cha silikoni.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeangalia asubuhi, mlango wazi. Kioo cha mbele kina madoa, cha nyuma hakina. Alhamdulillahi.

Ziro amerudi. Nimempelekea muhogo na kumsimulia balaa la Ijumaa. Nikamwambia kinachonishangaza ni kwamba siku za kazi paipu ile haikuwahi kunitia aibu.

Ziro akaacha spoku aliyokuwa akiikaza. "Kaka Alfani, kweli hamjui?"

"Sijui nini?"

"Bibi ndiye anayezima swichi. Stima ikienda tu, namwona dirishani anainuka. Stima ikirudi ananiita nije nivute, nikishavuta ndipo anawasha. Aliniambia nisiseme. Alisema, 'Mwache, anajivuna kidogo, hamdhuru mtu.'"

Mwezi mzima. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, mwenye magoti mabovu, kafunga, anainuka kwenye kochi kwa ajili ya samaki asiojua wana kazi gani. Na mimi nilikuwa naimba ufundi hauna haraka. Ijumaa hakuinuka kwa sababu mwenye tangi alikuwepo, na alitaka kuona mwenye tangi atafanya nini.

Nilirudi nyumbani nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba." Ilikuwa mara ya pili namsalimu leo na nadhani alijua kwa nini, maana hakuniangalia.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini. Fauzia aliomba sufuria la pilau la mama yake tuwahifadhi samaki. "Mwambie mwenzio sufuria langu si wodi," akajibu. Ziro akaleta pipa la plastiki.

Tumemwaga maji, tumelibeba tangi barazani, mimi na Ziro, tukalilaza chali juu ya godoro kuukuu, kioo cha nyuma kikiwa chini. Kisha tukakumbuka kwamba kinachotobolewa ni kioo cha nyuma. Tukaligeuza. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu.

Kutoboa kioo kunataka maji. Keekee ikipata moto kioo kinakufa. Nikachukua donge la unga wa chapati za futari, nikaliviringisha kama bangili, nikaligandisha kuzunguka alama, liwe kijibwawa cha kushika maji. Fauzia ashike birika la kunawishia wageni, amimine kidogokidogo. Ziro ashike tangi. Mimi na drili.

Nikaanza. Mlio wake sijui niuelezeje. Meno yote yanataka kuondoka. Fauzia akafumba macho, maji yakawa yanamwagika kila mahali isipokuwa kwenye tundu. Nikasimama. Nilikuwa nimeogopa kuliko yeye. Sponji, samaki, kurasa sita za michoro, jina langu nyumbani mle, vyote vilikuwa chini ya ncha ile.

Mama mkwe akatoka na kigoda. Akakiweka, akaketi, akanyoosha mkono. "Lete birika."

Mwanamke huyu amenawisha wageni wa harusi, wa matanga, wa maulidi, maisha yake yote. Hajui kumwaga maji ovyo. Alimimina uzi mwembamba, usiokatika wala kunenepa, mahali palepale pa ncha, na midomo yake ilikuwa inasoma dua. Nikawasha drili. Baada ya muda akasema, "Fauzia, mwambie asikandamize. Aache chuma chenyewe kitafune." Sikungoja kuambiwa na Fauzia. Nikalegeza mkono.

Dakika kumi na moja, kidonge cha kioo kikadondoka ndani, kizima, duara kama peremende. Ziro akapiga mluzi. Tundu la pili dakika tisa. Mama mkwe akasimama, akatikisa birika kuona kama kuna kilichobaki, akaingia ndani akiuliza chapati zake zimepungua ngapi.

Nimegandisha kisanduku kwa silikoni. Sasa kikauke.

Alhamisi, 4 Aprili

Silikoni inanuka siki. Nangoja.

Jumamosi, 6 Aprili

Jaribio la kwanza. Maji yakajaa, yakaingia matunduni, yakashuka. Hakuna aliyevuta kitu. Nikaita watu wote waje waone. Kisha kwa mbwembwe nikachomoa pampu mwenyewe, kuiga stima kukatika.

Juu kukawa shwari. Chini kukafurika.

Paipu inayorudisha maji juu nilikuwa nimeizamisha mpaka katikati ya tangi. Pampu ilipolala, maji yakageuka yakarudi chini kwa njia ileile, ndoo mbili nzima, na tangi la chini halina nafasi hiyo. Nimepiga deki mbele ya hadhira niliyoiita mwenyewe.

Alasiri nimeipandisha paipu, mdomo wake uwe kidole kimoja tu chini ya maji. Nikachomoa tena, safari hii bila kuita mtu. Yalirudi maji ya bilauri chache, tangi la chini likayameza, yakatulia. Nimerudia mara kumi. Mara kumi.

Jumapili, 7 Aprili

Mama mkwe amelalamika, kupitia Fauzia, kwamba kisanduku kinasukutua kama mtu asiyemaliza udhu. Kweli, kinagugumia. Nimeweka paipu mbili badala ya moja. Ya kwanza ina koki na wavu. Nimeikaza kidogo mpaka ikawa inashusha maji bila kuvuta hewa, kimya. Ya pili iko wazi, imesimama juu zaidi kwa urefu wa dole gumba, kavu, haina kazi. Ni ya siku ya shari.

Fauzia kasema paipu isiyo na kazi ni ya nini. Nimemwambia hata wewe una ndugu wa namna hiyo Mombasa. Alinipiga na kitambaa.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Stima mara tano. Kavu.

Jumatano, 10 Aprili. Idd

Abdulrahim alifika baada ya sala kwa pikapu, na kabati limefungwa blanketi. Kabati zuri, sitasema uongo, la mvule, na milango ya vioo. Wachukuzi wakaliteremsha barazani. Sebuleni watu walikuwa wamejaa, majirani na jamaa, Ziro naye ndani na shati jipya.

"Hivi hili jinamizi bado lipo?" Abdulrahim akasema, akisimama mbele ya tangi. Nikamwambia Idd Mubarak. Alikuwa na kipande cha mkate wa kumimina mkononi. Akaanza kuwamegea samaki, kisha akakikatakata chote akakitia mara moja, ili watoto wacheke. Samaki sita hawawezi mkate ule. Uliobaki ukalowa, ukavimba, ukaelea kuelekea matunduni.

Hapo stima ikakatika. Nikahesabu kimoyomoyo. Baada ya robo saa ikarudi, pampu ikaamka, na nikauona mkate wote umekaa juu ya wavu wa paipu ya kwanza kama kizibo.

Maji yakaanza kupanda kisandukuni. Nilikuwa upande wa pili wa chumba, na kikombe cha kahawa, na watu ishirini katikati. Mama mkwe alikuwa kochini, karibu na swichi. Nikamwona ameliona. Mkono wake ukanyanyuka kuelekea ukutani, kisha akanitazama. Nikatikisa kichwa: acha. Akaushusha mkono.

Maji yakapanda, yakapanda, yakaufikia mdomo wa paipu ya pili, ile isiyo na kazi, nayo ikayabugia kwa mkoromo uliozima mazungumzo ya chumba kizima. Watu wakageuka. Maji yakasimama palepale, kidole kizima chini ya ukingo, na hayakupanda tena. Nikapita kwa utulivu, nikatoa mkate kwenye wavu, mkoromo ukakoma. Sakafu kavu. Kavu kabisa! Nilitaka kupiga kigelegele kama mwanamke wa harusini, na Ziro akanipigia.

Watu wakauliza imekuwaje. Nikawaeleza kwa muda mrefu kuliko walivyotaka.

Abdulrahim hakupendezwa. "Haya, mama, tumeona mchezo. Sasa vijana waliondoe, kabati liingie."

"Kabati lako zuri, mwanangu, Mungu akuzidishie," akasema Bi Mwanasha. "Lipeleke chumbani kwangu. Hapa pana tangi la Alfani."

Jina langu. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Na siku maji yakimwagika tena?"

"Yakimwagika," akasema, akisogeza sahani ya halua kwangu, "tutapiga deki."